Bayume Mohamed Husen: Mwana wa askari aliyedai mshahara wa baba yake Berlin

Zipo familia za Waswahili mjini Kamembe, na kwingineko wilayani Rusizi, zinazojitambua kuwa uzao wa askari wa Wajerumani. Jina la babu limebaki, pengine na cheo chake. Lakini mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, kambini au safarini, mara nyingi hana alama yoyote. Maisha ya Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyefariki mwaka 1944, yanaonyesha jinsi ukoo wa namna hiyo unavyoweza kufuatiliwa hatua kwa hatua katika majalada ya serikali.

Alizaliwa tarehe 22 Februari 1904, akaitwa Mahjub bin Adam Mohamed. Baba yake alikuwa Msudani katika jeshi la koloni, mwenye cheo cha efendi, daraja la juu kabisa ambalo Mwafrika aliweza kufikia katika jeshi hilo. Vita vilipozuka mwaka 1914, mtoto huyo wa miaka kumi aliingia jeshini pamoja na baba yake, akafunzwa kupeleka ishara za kijeshi. Ni vita vilevile vilivyopita huku kwetu: Wajerumani walikiteka kisiwa cha Ijwi katika Ziwa Kivu mwaka 1914, na mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yakaingia Rwanda. Husen yeye alijeruhiwa mbali, kusini mwa Tanzania ya leo, katika mapigano ya Mahiwa ya Oktoba 1917, kisha akawa mateka wa Waingereza.

Baada ya vita alifanya kazi ya utumishi melini, na mwaka 1929 akashuka Ujerumani akiwa na dai moja: malimbikizo ya mishahara yake na ya baba yake. Wizara ya Mambo ya Nje ilimjibu kwamba muda wa kudai umekwisha. Hakulipwa, lakini dai lenyewe lilifunguliwa jalada, na jalada hilo likahifadhi habari za baba na mwana ambazo huenda zingepotea. Serikali iliyomnyima haki yake ndiyo iliyomtunzia kumbukumbu.

Anayetafuta jamaa wa namna hii na azingatie jambo moja. Mahjub bin Adam wa Dar es Salaam, huko Berlin alijulikana kama Mohamed Husen, na Husen likawa jina la ukoo wa watoto wake. Ndugu anayefungua orodha akitafuta jina alilozoea nyumbani angeweza kumpita bila kumtambua. Makarani wa Ulaya waliandika walichosikia, wala hawakujali tofauti ya jina la mtu na jina la baba yake.

Berlin alihudumu katika jumba la starehe la Haus Vaterland, na katika chuo kikuu akawa msaidizi wa kufundisha Kiswahili. Tarehe 27 Januari 1933, siku tatu kabla ya Hitler kushika madaraka, alimwoa Maria Schwandner. Mwezi Machi mwaka huohuo wakampata Ahmed, na mwaka 1936 Annemarie. Kulikuwa pia na Heinz Bodo, mtoto wa Husen kwa mwanamke mwingine wa Kijerumani. Maria na mumewe walimchukua wakamlea kama wao. Kwa hatua hiyo ya malezi, mtoto wa nje ya ndoa alipata jina la baba yake katika maandishi. Ni watoto wangapi wa maaskari, Ulaya na Afrika, waliopata bahati hiyo?

Husen hakuacha kudai kutambuliwa. Aliomba nishani ya wapiganaji wa mstari wa mbele, akanyimwa, basi akajinunulia mwenyewe nishani na kuzivaa. Alionekana katika filamu zaidi ya ishirini, aghalabu kama mtumishi. Ya mwisho, ya mwaka 1941, ilimsifu Carl Peters, yuleyule ambaye ukatili wake ulimfanya watu wa pwani na bara wamwite Mkono wa Damu. Katika filamu hiyo Husen aliigiza kiongozi wa njia.

Mwaka huohuo wa 1941 alikamatwa na Gestapo kwa tuhuma ya kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Bila kufikishwa mahakamani, alipelekwa katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen, naye akafia humo tarehe 24 Novemba 1944. Ahmed na Annemarie walikuwa wamekwisha kufariki wangali wadogo. Heinz Bodo aliuawa katika mabomu yaliyoiangukia Berlin mwaka 1945.

Mwanahistoria Marianne Bechhaus-Gerst aliyaunganisha majalada hayo ya jeshi, wizara, chuo na kambi katika kitabu alichokitoa mwaka 2007. Mwaka huohuo bamba dogo la shaba lenye jina la Husen liliwekwa katika njia ya waendao kwa miguu mbele ya nyumba namba 193, mtaa wa Brunnenstraße, alipowahi kuishi.