Shekhar Mehta: dereva aliyefukuzwa Uganda, akashinda Safari Rally mara 5

Vijana wengi wa Lobule, Rhino Camp na Imvepi wanapenda magari. Wengine wanaendesha bodaboda kati ya Arua na Koboko, wengine wanajifunza ufundi kwenye gereji za mjini, na wengine wanafuata mashindano ya magari kwenye redio na simu. Leo tunawaletea maisha ya dereva mmoja aliyezaliwa hapa hapa Uganda, akapoteza nchi yake akiwa na miaka 27, na kabla mwaka haujaisha akawa bingwa wa mashindano magumu kuliko yote Afrika. Jina lake ni Shekhar Mehta. Amekufa zamani, mwaka 2006, lakini wazee wanaopenda magari bado wanamkumbuka.

Alikotoka

Chandrashekhar Mehta alizaliwa tarehe 20 Juni 1945, katika familia ya Kihindi iliyokuwa na mashamba makubwa Uganda. Wakati ule Uganda ilikuwa bado chini ya Waingereza. Wahindi walikuwa wamekuja Afrika Mashariki kwa makundi tangu siku za ujenzi wa reli, na wengine kwa biashara zao wenyewe. Walifungua maduka hata katika miji midogo, na Arua ilikuwa mmoja wa miji hiyo.

Lazima tuseme ukweli: Mehta hakuanza na mikono mitupu. Familia yake ilikuwa na uwezo, na mchezo wa magari unakula pesa. Gari, matairi, mafuta, spea na mafundi, vyote vinalipiwa. Lakini pesa peke yake haiendeshi gari kwenye matope usiku kucha. Alianza mashindano akiwa na miaka 21, kwa gari aina ya BMW, akajifunza polepole kama wengine, kwenye barabara za murram za nchi yetu.

Safari Rally ilikuwa nini

Ili kuelewa alichofanya, ni lazima kujua mashindano yenyewe. Safari Rally ilianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa kawaida ilifanyika wakati wa Pasaka, wakati mvua za masika zinaponyesha.

Haikuwa kama mbio za kuzunguka uwanja mmoja. Magari yalikwenda maelfu ya kilomita kwa siku chache, mchana na usiku, kwenye barabara za kawaida ambazo hazikufungwa. Dereva aliweza kukutana na basi, lori, ng'ombe au watoto wa shule wanaorudi nyumbani. Kila gari lilipewa muda wa kufika kwenye kituo cha ukaguzi. Ukichelewa dakika, unapewa pointi za adhabu. Aliyekuwa na adhabu chache mwishoni ndiye mshindi.

Gari lilikuwa na watu wawili. Mmoja anaendesha, mwingine ni msoma ramani: anamwambia dereva kona iko wapi, mto uko wapi, na dakika ngapi zimebaki. Gari likizama kwenye tope, wote wawili wanashuka na kusukuma. Miaka mingine magari machache tu ndiyo yalifika mwisho.

Kwa miaka mingi madereva mashuhuri kutoka Ulaya walikuja na kurudi bila ushindi. Walijua kukimbia, lakini hawakujua vumbi letu na tope letu. Wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda alikuwa Hannu Mikkola wa Finland, mwaka 1972. Kabla yake ushindi ulibaki kwa madereva wanaoishi Afrika Mashariki. Mmoja wao alikuwa Joginder Singh, mtoto wa Kericho, Kenya, aliyeshinda mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant, kisha tena mwaka 1974 na 1976.

Kijana anapanda

Jina la Mehta lilianza kusikika kweli mwaka 1971. Kampuni ya Datsun ya Japani ilileta gari la 240Z, gari refu la mbele, lenye injini ya silinda sita. Edgar Herrmann alishinda mwaka huo, na Mehta, akiwa na miaka 25 tu, akamaliza wa pili kwa gari kama hilo hilo. Msoma ramani wake alikuwa Mike Doughty. Likumbukeni jina hilo, litarudi.

Kumaliza wa pili katika umri ule kulimfanya ahesabiwe kati ya madereva wakubwa. Kilichobaki kilikuwa kushinda. Lakini kabla ya hapo, siasa za nchi zilimfikia.

Siku 90

Mwezi Januari 1971, Idi Amin alichukua madaraka kwa nguvu ya jeshi. Sisi wa West Nile tunalijua jina hili kuliko wengine, kwa sababu asili ya familia yake ni Koboko. Tarehe 4 Agosti 1972 Amin alitangaza kwamba Waasia wenye uraia wa Uingereza waondoke Uganda kwa muda wa siku 90. Baadaye amri iliwagusa wengine pia. Hata wale waliokuwa na uraia wa Uganda walipaswa kupanga foleni ndefu kuonyesha karatasi zao zikaguliwe, na wengi waliambiwa kwamba karatasi hizo si halali. Hivyo mtu aliamka asubuhi akiwa raia, akalala usiku bila nchi.

Makumi ya maelfu waliondoka. Waliruhusiwa kuchukua pesa kidogo sana na mizigo michache. Nyumba, maduka, viwanda na mashamba vilibaki nyuma, vikagawiwa watu wengine. Zaidi ya 27,000 walipokelewa Uingereza, maelfu wengine Kanada. Wale waliobaki bila uraia wa nchi yoyote walisaidiwa na Umoja wa Mataifa, pamoja na UNHCR, kuhamishiwa kwenye vituo vya muda katika nchi za Ulaya. Msomaji aliyewahi kusimama kwenye foleni ya usajili akiwa na watoto na begi moja anajua siku zile zilikuwaje.

Familia ya Mehta ilikuwa kati ya waliolazimika kuondoka. Shekhar alikwenda Kenya, na Kenya ikawa nchi yake mpya. Hapo pia tuseme ukweli: alikuwa na bahati kuliko wengi, kwa sababu si kila aliyefukuzwa alifunguliwa mlango Kenya. Lakini nyumba, ardhi na mahali pa kuzaliwa alivipoteza kama wengine.

Pasaka ya 1973

Miezi michache baada ya kuondoka, Mehta alikuwa tena ndani ya Datsun 240Z, safari hii pamoja na msoma ramani Lofty Drews. Mwaka huo ulikuwa wa kwanza wa ubingwa wa dunia wa mchezo huu, na Safari ilikuwa mojawapo ya mashindano yake. Dunia nzima ilikuwa inatazama.

Mwisho wake ulikuwa wa ajabu. Hesabu zilipofungwa, Mehta na Harry Källström wa Sweden, naye akiwa kwenye gari la Datsun, walikuwa na adhabu sawa kabisa. Baada ya maelfu ya kilomita hakukuwa na tofauti hata ya dakika moja. Ikabidi waangalie kanuni: nani alikwenda mbali zaidi tangu mwanzo bila kupata adhabu? Alikuwa Mehta. Kijana aliyefukuzwa Uganda akawa bingwa wa Safari.

Pasaka ya 1979

Baada ya ushindi huo alikaa miaka sita bila kushinda Safari tena. Katika miaka hiyo mashindano yenyewe yaliacha kupita nchi zote tatu, yakabaki Kenya peke yake. Huku Uganda, Amin alipenda magari ya mbio pia. Mwaka 1975, Kampala ilipopokea mkutano wa viongozi wa Afrika, aliingia mwenyewe kwenye mashindano akiendesha Citroën SM, na mkewe mpya Sarah akiwa pembeni. Yule aliyefukuza na yule aliyefukuzwa walipenda mchezo mmoja.

Kisha ikaja wiki ambayo mzee yeyote wa Arua au Koboko hawezi kuisahau. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala iliangushwa na jeshi la Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, na serikali ya Amin ikaisha. Siku hizo hizo za Pasaka, upande wa pili wa mpaka, Mehta alikuwa barabarani katika Safari Rally. Aliendesha Datsun 160J, gari dogo lisilo na fahari ya lile la kwanza, na pembeni yake alikuwa amerudi Mike Doughty. Akashinda, mbele ya Hannu Mikkola aliyekuwa na Mercedes kubwa.

Katika miezi iliyofuata, zamu ya kukimbia ikawa yetu. Watu wa West Nile, wengi wao wasiowahi kushika madaraka yoyote, walilipishwa makosa ya serikali iliyoanguka. Walivuka mpaka kwenda Zaire na Sudan, na wengine walikaa huko miaka mingi kabla ya kurudi. Ndiyo sababu wazee wengi wa Koboko na Arua wanaowapokea leo wakimbizi wa Kongo na Sudan Kusini huwa hawaulizi maswali mengi. Waliwahi kulala katika nchi hizo hizo.

Nne mfululizo

Mehta na Doughty hawakusimama. Walishinda tena mwaka 1980, wakashinda mwaka 1981, wakashinda mwaka 1982, yote kwa magari ya Datsun ya aina hiyo hiyo ya Violet. Mwaka 1982 aliyewafuata alikuwa Walter Röhrl wa Ujerumani, aliyemaliza mwaka huo kama bingwa wa dunia. Ushindi mara 5, na nne kati yake bila kukatika: hakuna dereva mwingine aliyeshinda Safari miaka minne mfululizo.

Alishindana pia nje ya Afrika. Mara nyingi msoma ramani wake huko alikuwa mkewe Yvonne, ambaye walioana mwaka 1978. Mwaka 1981 alimaliza wa pili nchini Argentina, na mwisho wa mwaka akahesabiwa wa tano katika ubingwa wa dunia.

Waliofuata mchezo wake walijua siri yake. Hakuwa dereva wa kuvunja gari ili aonekane. Alijua wapi pa kukanyaga mafuta na wapi pa kulihurumia gari, kwa sababu gari lililovunjika halipati ushindi hata likiwa la kasi kiasi gani. Vijana wa bodaboda wa Arua, hili ni neno lenu.

Ajali, kisha kazi ya mezani

Mwaka 1987 alipata ajali mbaya nchini Misri, katika mashindano ya jangwani, akiendesha Peugeot. Aliumia vibaya sana, na maisha yake ya udereva yakaishia hapo. Lakini hakuuacha mchezo. Aliingia katika uongozi, na mwaka 1997 akawa mkuu wa kamati ya FIA inayosimamia mchezo huu duniani kote. Mtu aliyepoteza nchi yake akawa kati ya viongozi wa mchezo huu duniani.

Alifariki London tarehe 12 Aprili 2006, akiwa na miaka 60.

Kilichobaki

Uganda nayo ilibadilika. Mwaka 1982 Bunge lilipitisha sheria ya kurudisha mali zilizochukuliwa, na katika miaka iliyofuata familia nyingi za Waasia zilirudi, zikafungua tena viwanda na maduka. Mwaka 2006, mwaka ule ule Mehta alipokufa, Uganda ilipata Sheria ya Wakimbizi inayompa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kutembea nchini. Nchi iliyowahi kutoa amri ya siku 90 sasa inahesabiwa kati ya nchi zinazopokea wakimbizi wengi zaidi duniani.

Si kila aliyekimbia atakuwa bingwa, na wengi wetu hatukuwa na mashamba wala BMW. Lakini ukikutana na mzee wa Koboko aliyekuwa Zaire mwaka 1980, au Mhindi mwenye duka aliyezaliwa Uganda na kukulia Uingereza, kumbuka kwamba kila mmoja anayo safari yake. Ya Shekhar Mehta ilikuwa na vumbi, tope na saa ya kuhesabu dakika, naye aliimaliza.