Bwana Spencer na Mwandiko Wake

Likizo iliyopita bibi yangu, ambaye macho yamepungua nguvu, alinipa barua ya marehemu babu nimsomee, nami nikashindwa. Ilikuwa ya Kiswahili, si lugha ngeni. Ila herufi zilishikana toka mwanzo wa neno hata mwisho, na mimi sikufundishwa kuandika hivyo. Niliona haya. Niliileta shuleni, na mwalimu wetu mmoja akanisimulia habari za Mmarekani aliyeueneza kwao mwandiko wa kuunganisha. Naona heri niwaandikieni.

Platt Rogers Spencer alizaliwa tarehe 7 Novemba, 1800, katika jimbo la New York. Baba yake alifariki yeye angali mtoto, na mwaka 1810 mama akahamia Ohio pamoja na watoto wake, nchi ya misitu wakati ule. Karatasi ilikuwa adimu. Basi mtoto yule aliandika juu ya magome ya miti, mchangani, hata juu ya theluji. Yasemekana kwamba maumbo ya herufi zake aliyapata kwa kutazama vijiwe laini vya mtoni. Mwaka 1815, kijana mdogo tu, alikwisha anza kufundisha wengine mwandiko.

Lakini msidhani alikuwa malaika. Ujanani alikunywa pombe kupita kiasi. Aliiacha mwaka 1832, akawa mtu wa kuwaasa wenzake. Baadaye alikuwa mtunza hazina wa wilaya ya Ashtabula kwa miaka 12, kazi asiyopewa mlevi. Vitabu vyake vya mwandiko vilianza kutoka mwaka 1848, na darasa lake la Geneva, Ohio, lilikuwa kibanda cha magogo. Shabaha yake ilikuwa karani aandike upesi bila kuchoka, mkono mzima ukienda, si vidole peke yake. Alifariki tarehe 16 Mei, 1864, na wanawe wakaiendeleza kazi. Ukitaka kuuona mtindo wake, nenda dukani utazame jina la Coca-Cola kwenye chupa. Liliandikwa hivyo mwaka 1886.

Kisha mashine za kupiga chapa zikaingia maofisini, na Bwana A. N. Palmer akaleta mwandiko mwepesi zaidi, usio na mapambo. Mwaka 2010 mwongozo wa masomo uliokubaliwa na majimbo mengi ya Marekani haukuutaja kabisa mwandiko wa kuunganisha. Lakini mwaka 2023 jimbo la California lilipitisha sheria ya kuurudisha katika shule za msingi.

Wenzangu wengine husema simu imekwisha maliza hayo yote. Labda. Lakini mtihani wetu tunaufanya kwa kalamu, na wanaochelewa kumaliza ni wengi, mimi nikiwa mmojawapo. Ningeomba kipindi kimoja tu kwa juma.

Ile barua mwalimu alinisomea. Ilieleza mpaka wa shamba letu ulipo, jambo ambalo bibi amekuwa akiliuliza kwa majirani tangu mwaka juzi.