Robert Koch: daktari aliyepita Amani, na kwa nini uelezwe kabla ya kukubali

Mama au mlezi, huenda siku moja ukaombwa umruhusu mtoto wako atolewe damu kwa ajili ya utafiti, au ajaribiwe dawa mpya. Huenda pia ndugu yako ambaye figo zake zimeshindwa kufanya kazi akahitaji kupandikizwa figo, na wewe ukaombwa uchangie moja ya zako. Mara nyingi kazi hizi hufanywa kwa ushirikiano na wataalamu kutoka nchi za nje. Ukiwa Kwamkoro, jirani yako wa Amani aliwahi kumpokea daktari mmoja maarufu sana kutoka nje. Maisha yake yanaonyesha faida ya ushirikiano huo, na pia hatari yake pale mgonjwa asipoelezwa.

Robert Koch alikuwa nani?

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 huko Clausthal, mji wa migodi nchini Ujerumani. Alihitimu udaktari mwaka 1866, kisha akawa daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, ambao leo uko Poland. Hakuwa na maabara. Alifanyia uchunguzi wake nyumbani, kwa hadubini aliyopewa na mkewe, Emmy.

Mwaka 1876 alionyesha kwamba ugonjwa wa kimeta unaletwa na bakteria. Tarehe 24 Machi 1882 alitangaza mjini Berlin kwamba amewapata bakteria wa kifua kikuu, wakati ambapo watu wengi wa Ulaya waliamini ugonjwa huo ni wa kurithi. Mwaka 1884, akiwa India, aliwatambua bakteria wa kipindupindu. Makohozi ya mgonjwa yanapochunguzwa kwa hadubini leo ili kujua kama ana kifua kikuu, ni kazi iliyoanzia kwake. Mwaka 1905 alipewa Tuzo ya Nobel.

Dawa iliyosifiwa mapema mno

Mwaka 1890 Koch alitangaza kwamba amepata kitu cha kuzuia kifua kikuu, kilichoitwa tuberkulini. Mwanzoni hakueleza kimetengenezwa na nini. Wagonjwa walimiminika Berlin kutoka kila upande wakitafuta kupona. Baada ya miezi michache ilionekana kwamba haiponyi, na baadhi ya waliochomwa sindano hiyo walizidiwa na kufariki.

Leo tuberkulini haitumiki kama dawa, bali kama kipimo. Mtoto huchomwa kiasi kidogo kwenye ngozi ya mkono, kisha mkono unaangaliwa baada ya siku 2 hadi 3. Ukipewa tarehe ya kurudi, usiikose, kwa sababu bila kuangaliwa kipimo hakina maana.

Kumbuka jambo hili: daktari kuwa na jina kubwa si uthibitisho kwamba dawa yake inafanya kazi.

Alipofika Usambara

Koch alikuja Afrika Mashariki ya Kijerumani mara ya kwanza mwaka 1897. Katika milima ya Usambara alijifunza kitu kutoka kwa wenyeji. Watu wa milimani walijua kwamba wakishuka tambarare hurudi na homa, na homa hiyo waliiita mbu, kwa jina la mdudu aliyewauma huko chini. Koch aliliandika hilo katika taarifa yake. Ujuzi wa wenyeji ulikuwa na thamani kwake.

Alirudi mwaka 1905. Safari hii alichunguza homa ya papasi, akaonyesha jinsi papasi wanavyoibeba. Huko Amani, kwenye taasisi iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, alichunguza mbung'o na vimelea vyao. Wakati huo malale ilikuwa ikiua watu wengi sana kandokando ya Ziwa Victoria.

Kilichotokea visiwa vya Sese

Mwaka 1906 Koch alikwenda visiwa vya Sese, upande wa Uganda, eneo lililotawaliwa na Waingereza. Wao walimruhusu kufanya kazi huko. Alifungua kambi na kuwatibu wagonjwa zaidi ya 1,000. Wengine walifika kwa miguu yao, wengine wakibebwa na ndugu. Fikiria mama aliyempeleka mgonjwa wake kwa mtumbwi, akiwa ameshaona watu wa nyumba nzima wakifa. Angekataa vipi?

Dawa iliyotumika ni atoksili, ambayo ina aseniki ndani yake, na aseniki ni sumu. Dozi ya kwanza iliwapa wengi nafuu, lakini baada ya muda vimelea vilirudi. Koch akaongeza dozi. Sindano zikawa na maumivu makali, na baadhi ya wagonjwa wakaondoka kambini. Kisha ikaonekana kwamba watu 22 wamepofuka, na macho yao hayakupona tena. Hapo dozi kubwa iliachwa.

Usidhani kwamba zama zile hakuna aliyefikiria ridhaa. Mwaka 1900 serikali ya Prussia, huko kwao Koch, ilitoa amri kwa hospitali zake: mtu asifanyiwe jambo ambalo si la kumtibu bila kuelezwa madhara yake na kukubali, na watoto wasifanyiwe kabisa. Amri ile ilikuwa ya hospitali za Prussia. Haikuvuka bahari kuja kwa watu wa ziwani.

Mwaka 1908 Uingereza na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya kupambana na malale kwa pamoja. Yalikuwa makubaliano kati ya watawala wawili, na wagonjwa hawakuwa na sauti ndani yake. Koch alifariki tarehe 27 Mei 1910 huko Baden-Baden, akiwa na miaka 66.

Hili linakuhusu vipi leo?

Leo nchini Tanzania utafiti wa afya unahitaji kibali cha maadili kinachotolewa kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), hata kama watafiti wanatoka nje. Na bado ridhaa yako inahitajika. Mtoto chini ya miaka 18 anaamuliwa na mzazi au mlezi, lakini kama ameshakuwa na uelewa, naye aelezwe na kuulizwa.

Upandikizaji wa figo nao umefika. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza Novemba 2017 ikishirikiana na wataalamu kutoka India. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilifuata mwaka 2018 ikishirikiana na wataalamu kutoka Japani. Ushirikiano huu unaokoa maisha. Lakini hapa kuna watu wawili wa kulindwa: mgonjwa, na ndugu mzima anayekubali kupasuliwa ili amsaidie. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani inakataza kununua na kuuza viungo, na inataka watoto wasitolewe viungo isipokuwa katika hali chache sana zinazoruhusiwa na sheria. Anayechangia akubali kwa hiari yake, bila kushinikizwa na ukoo wala kuahidiwa fedha.

Kabla ya kukubali, uliza:

- Hii ni tiba ya kawaida, au ni utafiti?
- Mna kibali cha maadili? Naomba kukiona.
- Mwanangu atapata faida gani, na madhara gani yanaweza kutokea?
- Damu itapelekwa wapi, na itatumika kwa kazi gani?
- Akidhurika, nani atamtibu na kwa gharama ya nani?
- Nikikataa, au nikibadili mawazo katikati, ataendelea kupata matibabu ya kawaida?
- Kwa anayechangia figo: nitafuatiliwa afya yangu kwa muda gani baada ya upasuaji?

Jibu la swali la sita linapaswa kuwa ndiyo. Kama maelezo yako katika lugha usiyoielewa, omba yarudiwe kwa Kiswahili, au kwa Kisambaa kama ndiyo lugha unayoielewa vizuri zaidi. Una haki ya kwenda nyumbani kushauriana kabla ya kuweka sahihi au dole gumba.

Usichanganye mambo, lakini. Chanjo za kliniki, kipimo cha malaria na dawa za kifua kikuu ni huduma za kawaida zilizokwisha kuthibitishwa. Usizicheleweshe kwa hofu ya majaribio au habari za mumiani. Hofu hizo hukua pale watu wanapochukuliwa damu bila kuambiwa sababu. Ukiwa na shaka, muulize mhudumu wa kituo chako cha afya, na usiondoke mpaka umeelewa.