Jim Corbett: Mwindaji aliyegeuka mtetezi wa simbamarara, kaburi lake lipo Nyeri

Watalii wengi wanaotamani kumwona simbamarara porini huelekea Hifadhi ya Taifa ya Jim Corbett, kaskazini mwa India, chini ya milima ya Himalaya. Wanapanda jipu alfajiri na baridi yake, macho yote kwenye vumbi la njia wakitafuta nyayo. Wapo wanaorudi na picha, na wapo wanaorudi na stori ya nyayo tu.

Mwenye jina hilo amezikwa Nyeri, Kenya. Kilichompa umaarufu mwanzoni ilikuwa bunduki.

Mtoto wa msituni

Corbett alizaliwa 25 Julai 1875 katika mji wa Nainital, enzi za utawala wa Waingereza. Baba yake alikuwa mkuu wa posta. Msimu wa baridi familia ilishuka kuishi Kaladhungi, kando ya msitu, na huko ndiko Jim alijifunza kusoma nyayo na kuiga milio ya wanyama.

Alipomaliza shule aliajiriwa na reli. Kwa takriban miaka 20 alisimamia vibarua waliovusha mizigo Mokameh Ghat, kwenye mto Ganges.

Mla watu wa Champawat

Mwaka 1907 aliombwa kumuua simbamarara jike anayetajwa kuua watu 436 nchini Nepal na India. Hali ilikuwa mbaya. Wanakijiji walijifungia ndani kwa siku kadhaa, shamba hakuendeki.

Corbett alitoa masharti mawili: zawadi ya fedha ifutwe, na wawindaji wengine wote waondoke. Hakutaka aonekane anafuata hela, tena aliogopa kupigwa risasi kimakosa na mwindaji mwenzake.

Wanakijiji karibu 300 walipanga mstari mlimani, wakapiga ngoma na kelele kumtoa mnyama huyo mafichoni. Corbett akampiga risasi.

Alipomkagua, aliona meno mawili makubwa ya upande wa kulia, la juu na la chini, yamevunjika kwa risasi ya zamani. Kumbe mnyama huyo alishindwa kukamata windo lake la kawaida kwa sababu ya jeraha alilopewa na binadamu. Kwa wala watu wengine aliokuja kuwaua, alikuta majeraha ya risasi au miiba ya nungunungu.

Hapo ndipo msimamo wake ulipojengeka: simbamarara mzima hana shida na mtu. Wapo wanaokuwa wala watu kwa sababu mwindaji aliwajeruhi, kisha akaenda zake.

Kutoka bunduki hadi kamera

Mwaka 1926 alimuua chui wa Rudraprayag, anayetajwa kuua watu 125 katika njia ya mahujaji wa Kihindu. Wenyeji walimheshimu sana, wakamwita Carpet Sahib.

Lakini miaka hiyohiyo alianza kubeba kamera ya filamu porini. Aliwinda wala watu kila alipoombwa, ila uwindaji wa kujifurahisha aliupinga, akahimiza misitu ilindwe. Mwaka 1936 hifadhi ya kwanza ya taifa nchini India ilianzishwa, naye akiwa miongoni mwa waliosaidia. Wakati huo iliitwa Hailey.

Miaka ya mwisho Kenya

Baada ya India kupata uhuru mwaka 1947, Corbett, ambaye hakuwahi kuoa, alihamia Nyeri na dada yake Maggie. Februari 1952 alikuwa Treetops na Binti Mfalme Elizabeth, usiku ambao baba yake, Mfalme George VI, alifariki.

Corbett alifariki 19 Aprili 1955 kwa mshtuko wa moyo. Baadaye India iliipa hifadhi ile jina lake, na mwaka 1973 mpango wa taifa wa kuokoa simbamarara ulizinduliwa hapohapo.

Afrika haina simbamarara wa asili, hivyo anayetaka kumwona porini lazima avuke bahari. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta zaidi ya 250 katika hifadhi ya Corbett. Bado kumwona ni bahati, lakini wapo, na wanaoingia siku hizi wanaruhusiwa kubeba kamera, si bunduki.