Idi Amin: Bondia aliyemtaka Mwalimu ulingoni

Kabla dunia haijamjua kama dikteta, Idi Amin Dada alikuwa mtu wa ngumi. Jamaa alikuwa pande la mtu, urefu unakaribia mita 2, na kuanzia 1951 hadi 1960 alikuwa bingwa wa Uganda wa uzani wa juu mwepesi.

Ngumi alizipigia jeshini. Mwaka 1946 aliingia KAR, jeshi la mkoloni, akianzia jikoni kama msaidizi wa mpishi. Shule hakuwa nayo, lakini maofisa wa Kiingereza walimpenda: mbabe, mtiifu kwao, na raga pia anacheza. Mwaka 1959 akawa effendi, cheo cha juu kabisa kwa Mwafrika wakati huo. Mwaka 1961 akawa luteni.

Mwaka 1962 kikosi chake kilituhumiwa kuua wafugaji wa Kiturukana. Hakushtakiwa. Uhuru ulikuwa mlangoni na ofisa mzalendo alikuwa lulu. Ilikuwa rafu ya wazi, refa akapeta.

Januari 25, 1971, Meja Jenerali Amin akampindua Rais Milton Obote, ambaye Mwalimu Nyerere alimpa hifadhi Dar es Salaam. Bifu likaanzia hapo. Mwaka uliofuata ndege zake zilidondosha mabomu Bukoba na Mwanza.

Michezo hakuiacha. John Akii-Bua alipotwaa dhahabu ya mita 400 kuruka viunzi Olimpiki ya Munich 1972, Amin alimzawadia nyumba. Machi 1978, Uganda Cranes ya Philip Omondi ikafika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, ikafungwa 2-0 na Ghana jijini Accra. Wakati huohuo, huko nyumbani watu walikuwa wanachukuliwa na hawarudi.

Oktoba 1978 majeshi yake yakavamia Kagera. Vita ikiwa mbichi, Amin akatangaza kwamba yuko tayari kuyamaliza na Mwalimu ulingoni, Muhammad Ali awe refa, na yeye apigane mkono mmoja umefungwa. Mwalimu, mtu mwembamba wa Msasani, Kinondoni, ambaye ngumi hazikuwa fani yake, hakupoteza muda na ulingo. Alipeleka JWTZ.

Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka. Bingwa akatimua mbio hadi Libya, kisha Saudi Arabia.

Bili wakalipa wengine. Akii-Bua alikimbilia Kenya akawa mkimbizi. Cranes hawakuiona tena fainali za Afrika hadi 2017. Askari wetu waliokufa katika vita ile wamelala Kaboya, Muleba.

Amin alifia Jeddah Agosti 16, 2003, akazikwa hukohuko. Hakuwahi kusimama mbele ya hakimu hata siku moja.