Sahaba Aliyeomba Kuonyeshwa Soko

Hadhrat Abdur-Rahman bin Auf r.a. alizaliwa Makka katika ukoo wa Bani Zuhra, naye alikuwa mfanyabiashara. Kwa kuongozwa na Hadhrat Abu Bakr r.a. alisilimu katika siku za mwanzo kabisa za Uislamu. Kwa ajili ya imani yake alihamia Uhabeshi, na mwaka 622 akahamia Madina.

Kama Muhajirina wengi, aliingia Madina akiwa hana mali. Mtume Mtukufu s.a.w. akamfanya ndugu wa Saad bin Rabii r.a., Answari tajiri. Saad akamwambia kwamba yuko tayari kumgawia nusu ya mali yake yote. Kuipokea isingekuwa dhambi, kwani ilitolewa kwa moyo safi. Lakini Abdur-Rahman alimshukuru, akamwombea baraka katika mali na jamaa zake, kisha akaomba jambo moja tu: aonyeshwe njia ya kwenda sokoni.

Akaelekezwa kwenye soko la Bani Qainuqa. Siku ile ya kwanza alirudi na faida ya samli na maziwa yaliyokaushwa. Haikuwa faida ya kumtajirisha mtu, wala hakuidharau. Kesho yake alfajiri akaenda tena, na siku zilizofuata vivyo hivyo. Wasomaji wapenzi, hapa ndipo penye siri ya maisha yake. Nusu ya mali ya Saad ingeweza kwisha, bali desturi ya kudamkia kazi kila siku na kuongeza kidogo juu ya kidogo haikwisha.

Haukupita muda mrefu akaja mbele ya Mtume Mtukufu s.a.w. akiwa na alama za manukato ya arusi. Alipoulizwa, akaeleza kwamba ameoa mwanamke wa Kianswari kwa mahari ya dhahabu yenye uzito wa kokwa ya tende. Mtume s.a.w. akamwagiza afanye karamu, ijapokuwa kwa mbuzi au kondoo mmoja. Basi mahari yalitoka katika jasho lake, na karamu ikatakiwa iwe kwa kadiri ya uwezo wake. Ni wangapi leo wanaokopa kwa ajili ya arusi ya siku moja, kisha wakalipa deni kwa miaka!

Biashara yake ilikua hata akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Madina. Lakini mali haikukaa kwake kama maji ya kidimbwi. Imesimuliwa kwamba aliuza ardhi kwa dinari 40,000, akazigawa kwa jamaa zake wa Bani Zuhra, kwa maskini na kwa wake wa Mtume s.a.w.

Tena alijihesabu nafsi yake. Siku moja alikuwa amefunga, akaletewa chakula. Akamkumbuka Musab bin Umair r.a., aliyeuawa katika vita vya Uhud mwaka 625, ambaye sanda yake ilikuwa nguo moja fupi: kichwa kikifunikwa, miguu huonekana. Abdur-Rahman akamtaja kuwa mbora kuliko yeye, akaogopa kwamba huenda thawabu zao wenyewe zimekwisha tangulizwa hapa duniani. Akalia hata akakiacha chakula.

Alifariki mwaka 32 Hijiriya, akazikwa Madina.

Wako watu ambao kwa kuifuata haki hunyimwa urithi, au hufukuzwa na jamaa zao. Ndugu wa namna hiyo ana haki ya kusaidiwa, na wenye uwezo wana wajibu wa kuwa kama Saad. Lakini naye ajiulize soko lake liko wapi, hata kama bidhaa yake ya kwanza ni ndogo. Apatacho leo, asikile chote leo. Matumizi yake yasipite pato lake, kwani Kurani Tukufu inawasifu wale ambao watoapo hawafanyi israfu wala ubahili, bali hushika njia ya katikati. Na atenge fungu la wahitaji tangu pato lingali dogo, maana asiyezoea kutoa katika shilingi kumi, elfu itamwia nzito zaidi.

Mwenyezi Mungu atujaalie mikono yenye kuchuma kwa halali na mioyo isiyofungwa na kilichochumwa. Amin.