ULUGH BEG, MTAWALA ALIYEJENGA CHUO SAMARKAND

Katika mwaka 1394, Amiri Timur alipokuwa katika misafara yake ya vita nchi za Uajemi, alizaliwa mjukuu wake katika mji wa Sultaniyya, akaitwa Muhammad Taraghay. Watu walimzoea kwa lakabu ya Ulugh Beg, maana yake Bwana Mkubwa, na kwa lakabu hiyo anajulikana hata leo. Babu alisifika kwa upanga. Mjukuu hakujaliwa bahati ya vita, na sifa yake ilitoka kwingine. Mwaka 1409 baba yake, Shah Rukh, aliyefanya makao yake Herat, alimkabidhi Samarkand aitawale, naye umri wake ni miaka 15 tu.

Mwaka 1417 alianza kujenga madrasa kubwa katika uwanja wa Registan, nayo ikamalizika mwaka 1420. Jengo lile la matofali, lililopambwa kwa vigae vya rangi, lingali limesimama. Lakini jengo tupu si chuo. Ulugh Beg alilijua hilo, akaiwekea madrasa mali ya wakfu ili walimu na wanafunzi wapate riziki zao, tena akawakusanya wanazuoni waliotoka mbali: Qadi Zada wa Bursa, katika nchi ya Waturuki, na Al-Kashi wa Kashan, bingwa wa hisabu. Pamoja na elimu ya dini zilisomeshwa hisabu na falaki, na mtawala mwenyewe aliketi darasani akijadiliana na wanazuoni, nao wakiruhusiwa kumpinga kwa hoja.

Yasimuliwa kwamba siku moja alimwondoa mwalimu mmoja kazini bila ya kumshauri Qadi Zada, aliyekuwa mkuu wa walimu. Qadi Zada akakaa nyumbani kwake, asiende kusomesha. Ulugh Beg akadhani ni mgonjwa, akaenda kumzuru, akamkuta mzima wa afya. Mzee akamweleza kwamba alichagua ualimu kwa kuwa aliuona ndio kazi isiyofikiwa na mkono wa watawala, na sasa ameona sivyo. Ulugh Beg akamtaka radhi, akamrudisha yule mwalimu, na akaahidi kutoingilia tena mambo hayo. Wafalme wa zama zile walikata watu vichwa kwa maneno madogo kuliko hayo.

Baada ya madrasa alijenga, juu ya kilima nje ya mji, jengo la duara lenye ghorofa tatu la kutazamia nyota. Ndani yake mlikuwa na tao kubwa la kupimia, ambalo nusu kipenyo chake kilikaribia mita 40, na sehemu yake ilichimbwa katika mwamba chini ya ardhi. Kwa ukubwa huo, kila digrii moja ilichukua kiasi cha sentimita 70, ndiyo maana vipimo vyao vilikuwa sahihi mno. Al-Kashi alifariki mwaka 1429, na baadaye Qadi Zada, na kazi ikaendelezwa na mwanafunzi wao, Ali Qushji. Mwaka 1437 zilitimia jedwali zilizotaja nyota 1,018. Muda wa jua kurudi mahali pake mbele ya nyota waliukadiria kwa kosa lisilotimia dakika moja.

Shah Rukh alifariki mwaka 1447, na fitina ya urithi ikazuka. Mwaka 1449 Ulugh Beg alishindwa vitani na mwanawe mwenyewe, Abd al-Latif. Akaruhusiwa kwenda Hija, lakini njiani akakatwa kichwa, akiwa na miaka 55. Mwana naye hakutimiza mwaka katika ufalme. Aliuawa mwaka 1450.

Wanazuoni walitawanyika. Ali Qushji alifika Istanbul na kusomesha huko hadi kufa kwake mwaka 1474. Jedwali za nyota zilipigwa chapa Oxford mwaka 1665. Lile jengo la kilimani liliachwa likabomoka, hata mahali pake pakasahauliwa kabisa, mpaka mwaka 1908 Vyatkin, mchimbaji wa mambo ya kale, alipopaona kwa kufuata hati ya zamani ya wakfu iliyopataja. Akachimba, akalikuta lile tao chini ya ardhi.